Georges Dumézil na ulinganishi wa visasili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jibu likikuelekeza kwenye namba nyingine, maelezo kamili yako huko.

## Mtu na maisha yake

1. Georges Dumézil ni nani?

Ni mwanaisimu na mtaalamu wa visasili kutoka Ufaransa, aliyezaliwa Paris tarehe 4 Machi 1898 na kufariki humo humo tarehe 11 Oktoba 1986. Kwa zaidi ya miaka sitini alilinganisha visasili, ibada na tenzi za watu wenye lugha za familia ya Kihindi-Kiulaya: Warumi, Wahindi wa zama za Veda (nyimbo na matini takatifu za kale za India), Waskandinavia, Waayalandi wa kale, Waosetia wa Kaukazi na wengineo. Dai lake ni kwamba watu hawa hawakurithi maneno na sarufi peke yake. Walirithi pia utaratibu wa kuupanga ulimwengu, miungu na jamii katika mafungu matatu (swali la 4).

2. Alisoma na kufundisha wapi?

Aliingia École normale supérieure mwaka 1916, akaitwa vitani akiwa katika kikosi cha mizinga, kisha akarudi kumalizia masomo. Tasnifu yake aliitetea mwaka 1924. Msimamizi wake alikuwa Antoine Meillet, mwanaisimu mkubwa wa wakati ule, lakini kazi yenyewe haikuwaridhisha wanasosholojia wa Paris, na mlango wa ajira nyumbani ukafungwa (swali la 9).

Akaenda Istanbul, ambako alifundisha historia ya dini kuanzia 1925 hadi 1931, wakati Uturuki ya Atatürk ilipokuwa inaunda upya vyuo vyake. Miaka miwili iliyofuata alikuwa Uppsala, Uswidi. Aliporudi Paris mwaka 1933 alipata nafasi École pratique des hautes études, na kuanzia 1949 hadi 1968 alishika kiti cha ustaarabu wa Kihindi-Kiulaya katika Collège de France. Mwaka 1978 alichaguliwa kuingia Académie française, na aliyetoa hotuba ya kumpokea ni mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss.

Hiyo miaka minane ya ugenini ndiyo iliyomfanya awe tofauti na wenzake. Istanbul ilimpa lugha za Kaukazi, Uppsala ikamkaribisha kwenye Skandinavia. Mtaalamu aliyebaki Paris na vitabu vya Kilatini na Kigiriki asingevipata vyote viwili.

3. Kulinganisha visasili ni kufanya nini hasa?

Si kukusanya hadithi zinazofanana na kushangaa. Hadithi mbili zikifanana, sababu zinaweza kuwa nne: sadfa, mahitaji ya kibinadamu yaliyo sawa kila mahali, upande mmoja kuazima kwa mwingine, au pande zote mbili kurithi kutoka asili moja. Kazi ya mlinganishi ni kuziondoa tatu za kwanza moja baada ya nyingine kabla hajathubutu kuitaja ya nne. Anayeruka hatua hiyo anaandika burudani.

## Nadharia

4. "Dhima tatu" ni zipi?

Ya kwanza ni mamlaka matakatifu, nayo ina sura mbili: uchawi na vitisho upande mmoja, sheria na kiapo upande mwingine. Ya pili ni nguvu za mwili, hasa vita. Ya tatu ni uzazi, mali, afya, amani na wingi wa watu.

India zinaonekana katika mafungu ya Brahmana (makuhani), Kshatriya (wapiganaji) na Vaishya (wazalishaji). Roma ya kale zinaonekana katika miungu Jupiter, Mars na Quirinus, ambao kila mmoja alikuwa na kuhani wake mkuu aliyeitwa *flamen*. Skandinavia ni miungu Odin na Tyr katika dhima ya kwanza, Thor katika ya pili, Njord na Freyr katika ya tatu. Katika tenzi za Wanarti, mashujaa wa hadithi za Osetia, kuna koo tatu: moja ina hekima, nyingine ina ushujaa, ya tatu ina mifugo na mali.

Dumézil aliiona picha hii mwaka 1938 alipokuwa akiandaa mihadhara: aliweka makuhani watatu wa Roma kando ya mafungu matatu ya India, na mpangilio ukalingana.

5. Ushahidi gani ni mgumu zaidi kuubomoa?

Mkataba wa Mitanni. Katika karne ya 14 KK mfalme wa Wahiti, Suppiluliuma, alifanya mapatano na Shattiwaza wa Mitanni, ufalme wa kale wa Mashariki ya Kati. Vigae vya udongo vyenye mkataba huo vilifukuliwa Boğazköy, Uturuki. Miongoni mwa miungu wanaoshuhudia wametajwa miungu ya Wahindi wa kale: Mitra na Varuna, kisha Indra, kisha pacha Nasatya. Wawili wa mamlaka, mmoja wa vita, pacha wa afya na ustawi: orodha fupi, imo katika hati ya kiserikali, na imefuata mpangilio uleule. Hapa hakuna mtaalamu wa karne ya 20 aliyechagua vipande vinavyomfaa kutoka katika vitabu mia.

6. Je, alisema jamii zote hizo ziligawanywa katika tabaka tatu halisi?

Mwanzoni karibu alisema hivyo. Tangu takriban mwaka 1950 aliacha. Msimamo wake wa baadaye ni kwamba dhima tatu ni njia ya kufikiri, na jamii inaweza kuitumia katika ibada au utenzi bila kugawa watu wake hivyo mitaani. Roma ni mfano: hatuna ushahidi wa tabaka la makuhani, tabaka la askari na tabaka la wakulima. Ukisoma mtu anayempinga kwa hoja ya tabaka, angalia kwanza anapinga kitabu cha mwaka gani.

7. Nipeni mfano mmoja kwa undani.

Sikukuu ya Matralia, Roma, tarehe 11 Juni. Wanawake walioolewa walikwenda kwenye hekalu la mungu wa kike Mater Matuta, wakafanya mambo mawili ya ajabu. Kwanza, walimwingiza mtumwa wa kike hekaluni, kisha wakamtoa kwa makofi. Pili, waliwapakata watoto wa dada zao, si watoto wao wenyewe, wakawaombea hao. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch aliuliza sababu. Mshairi wa Kirumi Ovid alijaribu kuieleza kwa hadithi ya Kigiriki, lakini maelezo yake hayashiki vizuri.

Dumézil alianza na jina: Matuta ni wa alfajiri. Akafungua nyimbo za Rigveda zinazomsifu Ushas, Alfajiri wa Wahindi. Humo Alfajiri hulifukuza giza kama adui. Humo pia Alfajiri na Usiku ni dada, na wote wawili humnyonyesha mtoto mmoja. Usiku akiondoka, mwana anabaki mikononi mwa dada yake. Yale ambayo India ni maneno ya wimbo, Roma wanawake waliyatenda kwa mikono yao: mtumwa ni giza linalofukuzwa, mtoto wa dada ni jua linalopokewa. Hata tarehe inafaa, siku kumi hivi kabla ya mchana mrefu kuliko yote, wakati alfajiri inakaribia kumaliza kazi yake ya mwaka.

Angalia kilichofanyika. Vitendo *viwili* visivyohusiana vimepata maelezo *mamoja*, na maelezo yenyewe yametoka mahali ambapo Mrumi hakuweza kuyaazima. Kwa maoni yetu huu ndio ulinganishi wake bora, kuliko hata dhima tatu zinazotajwa kila mara.

8. Kisa cha jicho moja na mkono mmoja ni kipi?

Odin alitoa jicho lake kwenye kisima cha Mimir ili apate maarifa. Tyr alitia mkono kinywani mwa mbwa mwitu Fenrir kama rehani, miungu ikamfunga mnyama kwa hila, na mkono ukaliwa. Roma, katika vita dhidi ya mfalme Porsenna, Horatius Cocles mwenye jicho moja anawazuia maadui darajani, na Mucius Scaevola anauunguza mkono wake wa kuume motoni ili adui aamini maneno yake. Kila upande una jicho la kutisha na mkono wa dhamana, yaani sura mbili za dhima ya kwanza.

Udhaifu upo: Roma wawili hao ni raia, si miungu, na mamlaka ya kichawi kwa Cocles yamebaki kama mtazamo mkali tu. Wanaoukubali mfano huu husema Warumi walikuwa na tabia ya kugeuza visasili kuwa historia. Kwa Dumézil hata wafalme wa mwanzo wamepangwa kidhima: Romulus na Numa ni sura mbili za mamlaka, Tullus Hostilius ni vita, Ancus Marcius ni ustawi.

## Mbinu, na mahali zinapoharibika

9. Kwa nini kazi zake za mwanzo hazitumiki tena?

Kwa sababu zilitegemea majina. Tasnifu ya 1924 ilifuata ulinganifu wa *ambrosia* ya Wagiriki na *amrita* ya Wahindi, vinywaji vya kutokufa, kisha ikajaribu kuijenga upya hadithi nzima ya karamu hata pale ambapo Wagiriki hawakuwa nayo. Mwaka 1929 akafuata kentauri wa Wagiriki na Gandharva wa Wahindi, mwaka 1934 mungu Ouranos wa Wagiriki na Varuna wa Wahindi. Wanaisimu wengi hawakubali kwamba majina ya jozi hizi mbili za mwisho yana asili moja. Na jina likianguka, kilichoegemezwa juu yake huanguka nalo.

Baada ya 1938 aligeuza utaratibu: anatafuta kwanza muundo unaolingana, na jina likilingana pia ni nyongeza. Mwenyewe alizihesabu kazi za kabla ya hapo kuwa majaribio yaliyoshindwa. Ukikutana nazo mtandaoni zikinukuliwa kama neno lake la mwisho, ziache.

10. Nikitaka kulinganisha visasili viwili, nifuate hatua gani?

Kusanya matoleo yote ya kila kisasili, katika lugha yake kama unaweza, na uandike nani alisimulia na lini. Muhtasari wa ensaiklopedia haufai, kwa kuwa aliyefupisha tayari ameshakata alichodhani hakina maana, na mara nyingi hapo ndipo penye ushahidi.

Kisha kieleze kila kisasili nyumbani kwake: kinatumika katika ibada gani, kinamhusu nani, kinapingana na kisasili gani kingine cha watu haohao. Usilinganishe bado. Wanaoanza huiruka hatua hii kwa sababu inachosha.

Sasa chora muundo wa kila kimoja: wahusika wangapi, wanapinganaje, tendo gani linafuata lipi, matokeo ni nini. Linganisha michoro, si picha moja moja. Viungo viwili vikifanana havitoshi. Vinne au vitano vilivyofungamana kwa mpangilio uleule ni jambo la kuzungumza.

Ndipo urudi kwenye sababu nne za swali la 3. Kama jamii hizo mbili zilikuwa jirani au zilifanya biashara, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayekana kuazima. Mwisho, tafuta shahidi wa tatu kutoka tawi lingine la familia ileile ya lugha.

11. Makosa gani hurudiwa zaidi?

Kubwa ni kuhesabu tatu. Ukiamua mapema kwamba unatafuta mafungu matatu, utayapata hata kwenye orodha ya vyakula vya hoteli. Dumézil alidai dhima zitajwe pamoja, ziwe kamili na zitofautishwe na matini yenyewe. Wafuasi wake wengi hawakudai hivyo.

La pili ni kuchanganya zama, kwa mfano kuweka Edda, matini ya visasili vya Skandinavia iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13, kando ya Veda iliyotangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili bila kueleza ni nini kingeweza kudumu muda huo wote.

12. Kaukazi ilimpa nini?

Vitu viwili. Cha kwanza ni Waosetia, ambao lugha yao ni ya tawi la Kiirani na tenzi zao za Wanarti zilikuwa bado zinasimuliwa. Cha pili ni lugha ambazo hazimo kabisa katika familia ya Kihindi-Kiulaya, hasa Kiubykh. Wazungumzaji wake walihama kutoka pwani ya Bahari Nyeusi karibu na Sochi mwaka 1864 na kuhamia milki ya Waosmani. Kiubykh kina konsonanti zaidi ya 80 na irabu mbili au tatu tu. Dumézil alichapisha kitabu juu yake mwaka 1931, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi na Tevfik Esenç, mzungumzaji wa mwisho aliyekimudu kikamilifu, ambaye alifariki mwaka 1992. Hata nadharia ya dhima tatu ikikataliwa yote, kazi hii ya lugha itabaki.

13. Anatofautianaje na Max Müller, Lévi-Strauss, Eliade na Campbell?

Müller, wa karne ya 19, aliona jua na alfajiri karibu kila mahali na akategemea majina. Lévi-Strauss alitafuta namna akili ya binadamu yeyote inavyofanya kazi, ilhali Dumézil alitafuta urithi wa familia moja ya lugha. Eliade alitafuta maana ya utakatifu kwa watu wote. Dumézil alimsaidia alipofika Paris baada ya vita na akaandika dibaji ya kitabu chake cha 1949. Campbell alitafuta safari moja ya shujaa duniani kote. Huyo wa mwisho ndiye wengi wanayemfikiria wakisikia "ulinganishi wa visasili", na ndiye aliye mbali zaidi na Dumézil.

## Ubishi

14. Pingamizi kubwa la kitaalamu ni lipi?

Kwamba kila jamii ina watawala, wapiganaji na wazalishaji, kwa hiyo dhima tatu si alama ya Wahindi-Waulaya. Mwaka 1959 mtaalamu John Brough alionyesha kwamba ukitumia mbinu hiyohiyo unaweza kuzipata katika Agano la Kale, ambalo ni la Wasemiti. Dumézil alijibu kwamba mahitaji hayo yako kila mahali, lakini si kila jamii imeyafanya kuwa kanuni iliyotamkwa ya kuwapanga miungu na ibada.

Jibu hilo lina nguvu kwa Mitanni na kwa makuhani wa Roma. Kwa mifano mingine mingi, hasa ya Ugiriki, ambako mwenyewe alikiri kwamba dhima tatu ni hafifu, Brough anabaki na hoja.

15. Je, alikuwa na mwelekeo wa Kinazi?

Yaliyothibitika ni haya. Ujanani alikuwa karibu na mrengo wa kulia wa kifalme, na kitabu cha 1924 alimtolea Pierre Gaxotte, rafiki yake wa mrengo huo. Kati ya 1933 na 1935 aliandika magazetini kwa jina la kubuni, Georges Marcenay, akitaka Ufaransa iikaribie Italia ya Mussolini ili kuizuia Ujerumani ya Hitler.

Katika miaka ya 1980 Arnaldo Momigliano na Carlo Ginzburg walisoma kitabu chake cha 1939 juu ya miungu ya Wajerumani wakadai kinauonea Unazi huruma. Didier Eribon aliwajibu mwaka 1992 kwa kitabu kizima. Ukizisoma kurasa zenyewe, mvuto wake kwa ufashisti wa Italia ni dhahiri, lakini tuhuma ya Unazi haisimami. Kwamba makundi ya siasa kali yalimpenda baadaye ni kweli, na ni sababu ya kumsoma kwa macho mawili.

16. Kuna uvumi kuwa alikuwa Frimasoni. Ni kweli?

Ni kweli, na si ile Frimasoni ya uvumi wetu wa utajiri wa ghafla na kafara. Ni chama cha kawaida cha Ufaransa ya wakati ule. Serikali ya Vichy, iliyotawala Ufaransa chini ya Wajerumani wakati wa vita vya pili, ilikipiga marufuku, na mwaka 1941 Dumézil aliondolewa kazini kwa sababu hiyo. Alirudishwa kabla vita havijaisha.

## Afrika na Uswahilini

17. Nadharia yake inatuhusu sisi wa lugha za Kibantu?

Dhima tatu, hapana. Hakudai hivyo, na kuzilazimisha kwa Wabantu ni kurudia kosa la swali la 11. Mbinu yake, ndiyo, kwa kuwa lugha za Kibantu nazo ni familia moja yenye asili moja.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni wa Mbelgiji Luc de Heusch, aliyefuata mawazo ya Dumézil na ya Lévi-Strauss pia. Kitabu chake cha 1972 kinaanzia kwa Waluba wa Kongo. Nkongolo ni mtawala mwekundu, mlevi na katili, naye ni joka la upinde wa mvua. Mbidi Kiluwe ni mwindaji mwenye adabu anayetoka mashariki na hali mbele za watu. Mwanawe, Kalala Ilunga, anaalikwa na Nkongolo kucheza ngoma juu ya mkeka uliofunika shimo, mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo, anatoroka na baadaye anarudi kumkata Nkongolo kichwa. De Heusch haishii kusema "huu ni mwanzo wa ufalme". Anaupanga upinde wa mvua upande wa ukame na mwindaji upande wa mvua, kisha anaufuata mpangilio huo kwa majirani wa Waluba.

18. Na kinyonga aliyechelewesha ujumbe wa uzima?

Mungu amemtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa. Anajivuta njiani, mjusi anampita na habari ya kifo. Kisa hiki kimeenea kwa Wabantu wengi, na mtu hujibu haraka kwamba ni urithi wa pamoja. Huenda, ila hadithi fupi, rahisi na ya kuchekesha kidogo husafiri kirahisi sana kutoka kijiji hadi kijiji. Tumia hatua za swali la 10: tafuta ibada, miiko na visa vingine vinavyofungamana nacho. Kikisimama peke yake, kuazima kunabaki palepale.

19. Fumo Liyongo ni yuleyule Baldr au Akilesi?

Swali hili linapendwa, na jibu ni la kukatisha tamaa. Liyongo haingiliwi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Baldr, mungu wa Skandinavia, hauliwi na kitu ila mmea mmoja. Akilesi, shujaa wa Wagiriki, ana kisigino. Hiyo ni picha moja tu.

Tazama Dumézil alivyofanya katika kitabu chake cha 1948 kuhusu Loki, mungu mwerevu wa Skandinavia. Alimweka Baldr kando ya Soslan wa Wanarti. Wote hawaumizwi ila kwa namna moja. Wote, kwa Soslan katika baadhi ya mapokeo ya Kaukazi, wanarushiwa silaha kama mchezo. Kwa wote yupo mwerevu mwovu ndani ya jamii yao, Loki kule na Syrdon huku, ambaye ndiye chanzo cha maafa. Hivyo ni viungo vinavyoshikana.

Liyongo hana mchezo huo wala mwerevu wa namna hiyo. Ana mfalme wa Pate anayehofia kiti chake, na mtoto wa kumzaa anayeahidiwa mke ili amsaliti baba. Kisha anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, anafia hapo, na mji mzima unaogopa kuteka maji. Muundo wake ni wa ugomvi wa kiti na damu, na ukitaka kumlinganisha anza na visa vya watawala wa pwani na bara, si Iceland.

## Ya pembeni

20. Nianze kusoma wapi?

Kama unasoma Kifaransa, anza na juzuu ya kwanza ya *Mythe et épopée* (1968), sehemu ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa India. Inatumia ugunduzi wa Mswidi Stig Wikander wa mwaka 1947, kwamba ndugu watano wa Pandava, mashujaa wa utenzi huo, wamepangwa kidhima kufuata baba zao wa kimungu. Kwa Kiingereza kuna tafsiri ya 1970 ya kitabu chake juu ya dini ya Roma ya kale. Ni kinene, lakini unaweza kukisoma kwa vipande. Vitabu vya kabla ya 1938 viweke mwisho. Na kwa kuwa alirekebisha mawazo yake mara nyingi, kila unaponukuu taja mwaka.

21. Ni kweli alilinganisha Kikechua na Kituruki?

Ndiyo. Alikwenda Peru mwaka 1952, akajifunza Kikechua, na baadaye akachapisha makala akidai kwamba lugha hizo zinakaribiana, zikiwemo namba. Ni wachache waliomfuata. Pale alirudia kosa alilokwisha kuliacha, yaani kulinganisha maneno yaliyotengwa.

22. Na kitabu cha Nostradamus?

Kipo, cha mwaka 1984, juu ya mtabiri huyo wa kale wa Ufaransa. Kinahusu beti linalotaja Varennes, mahali Louis XVI alipokamatwa akitoroka mwaka 1791. Alikiita mchezo, na nusu ya pili inahusu maneno ya mwisho ya Socrates kuhusu jogoo wa Asclepius. Kuna wasomaji walioona mzee amepotea njia, na wengine walioona anajifurahisha. Kwa vyovyote, usikitumie kama ushahidi wa mbinu yake.